Michigan 1901, pointi 550 kwa 0: zilihesabiwaje, na uwanja wa wakati ule unachorwaje?

Ubao wa Matokeo:
Wakuu, habari za jioni. Kuna bonanza la michezo ya kale linaandaliwa kwenye kiwanja cha shule huku Kinondoni. Vijana wa raga wamepangiwa dakika 20 za kuonyesha futiboli ya Kimarekani kama ilivyochezwa na timu ya Chuo Kikuu cha Michigan msimu wa 1901, ile iliyofunga pointi 550 bila kufungwa hata moja. Naomba msaada kwenye mambo matatu:

1. Pointi zilihesabiwaje? Mechi yao ya mwisho na Stanford iliisha 49-0. Nimegawa kwa 7 nikapata tachidauni 7 kamili (tachidauni ni kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani), kila moja na teke lake la nyongeza. Niandike hivyo kwenye bango?
2. Kiwanja ni cha soka, mita 105 kwa 68, magoli yamechimbiwa. Uwanja wa 1901 unaingia?
3. Wakicheza kwa kanuni zile zile za 1901, kuna hatari gani?

Mkeka wa Pointi:
Usiandike hivyo mkuu. Hiyo 7 imekubali kugawanyika kwa bahati tu. Mwaka 1901 tachidauni ilikuwa pointi 5, si 6. Teke la nyongeza pointi 1. Goli la teke katikati ya mchezo (kuupiga mpira upite kati ya milingoti, juu ya mwamba) nalo lilikuwa pointi 5, sawasawa na tachidauni. Mwenye mpira akiangushwa nyuma ya mstari wa goli lake mwenyewe, yaani sefti, wapinzani walipata 2.

Ile 49 ya Stanford ilipatikana hivi: Neil Snow tachidauni 5, Curtis Redden 2, Albert Herrnstein 1. Jumla 8, pointi 40. Bruce Shorts akaingiza mateke ya nyongeza 4, Everett Sweeley akapiga goli moja la teke la pointi 5. Ukitumia thamani za leo (6, 1 na 3) mechi ile ile inakuwa 55-0.

Kwa nini mateke 4 tu kwenye tachidauni 8? Kwa sababu teke halikupigwa kutoka katikati kama leo. Lilipigwa kwenye msitari ulionyooka na pale mpira ulipogusishwa chini, kama ilivyo kwenye raga mpaka sasa. Ukifunga kwenye kona, mpigaji anabaki na pembe mbaya. Kulikuwa na njia ya kujiokoa: mchezaji mmoja anasimama kwenye mstari wa goli, anaupiga mpira kuelekea kwa wenzake waliosogea mbele ya milingoti, na mmoja wao akiudaka safi basi teke linapigwa kutoka pale alipodakia. Akiuangusha, nafasi imekwenda. Vijana wako wakiweza kuonyesha hilo mara moja tu, watazamaji watalikumbuka kuliko tachidauni zote.

Matokeo ya msimu kwa mpangilio, kama unayataka kwenye bango: Albion 50, Case 57, Indiana 33, Northwestern 29, Buffalo 128, Carlisle 22, Ohio State 21, Chicago 22, Beloit 89, Iowa 50, Stanford 49. Zote kwa 0. Jumlisha mwenyewe, zinafika 550. Mechi 11, wastani 50 kamili kwa mechi.

Timu za Michigan za miaka ile zilibandikwa jina la "pointi moja kwa dakika". Ni jina la kunogesha. Mechi kamili ilikuwa vipindi viwili vya dakika 35, yaani dakika 70, na wastani ni 50. Piga hesabu.

Tahadhari moja ya mwisho: usijaribu kukisia tachidauni kutoka kwenye matokeo tu. Ile 128 ya Buffalo inaweza kutokana na tachidauni 22 na mateke 18, au 23 na 13, na ukiingiza magoli ya teke ndiyo inachanganya kabisa. Na ukitengeneza jedwali la miaka mingi, weka safu ya mwaka, maana thamani zilibadilika: goli la teke likashuka hadi 4 mwaka 1904, halafu 3 mwaka 1909, na tachidauni ikapanda hadi 6 mwaka 1912. Watu wengi wanalinganisha pointi za 1901 na za 1913 kana kwamba ni shilingi ya bei moja.

Kamba na Chokaa:
Nachukua swali la pili. Uwanja wa 1901 ulikuwa yadi 110 kwa futi 160, yaani mita 100.58 kwa 48.77. (Hizi yadi 100 za leo pamoja na maeneo ya yadi 10 nyuma ya kila goli zilikuja 1912.) Kwa upana umejaa tele, kila upande unabakiwa na mita 9.6. Urefu ndio tatizo. Unabakiwa na mita 4.42 tu, ukigawa ni 2.21 kila mwisho, na magoli ya soka yaliyochimbiwa yatakuwa mita mbili nyuma ya mstari wako wa goli. Mtu anayevuka mstari kwa kasi akiwa ameinamisha kichwa anakwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya chuma.

Ushauri wangu: kwa dakika 20 chora nusu uwanja. Goli moja, kutoka mstari wa kati wa yadi 55 mpaka mstari wa goli. Ni mita 50.29. Sogeza mstari wa goli mita 10 ndani ya kiwanja, ili nyuma kubaki mahali pa kupunguzia mwendo. Mistari ya kupitisha ni 12 badala ya 23. Ukichora wote, mistari ya kukata upana peke yake ni zaidi ya mita 1,100. Chokaa yote hiyo, na jua hili la Dar, vijana wa kujitolea watakimbia saa nne asubuhi.

Hatua zenyewe:

Anza na mstari mmoja wa pembeni. Kamba ivutwe kati ya vigingi viwili, sambamba na mstari wa soka uliopo. Kona ya kwanza ipimwe kwa ile 3-4-5 ya mafundi ujenzi, ila ikuze: mita 9 upande mmoja, 12 upande wa pili, na mshazari uwe 15. Ukitumia 3-4-5 ndogo, kosa la sentimita chache kwenye kona linakuwa karibu mita nzima ukifika upande wa pili wa uwanja. Ukimaliza pande zote nne, pima mishazari miwili. Kwa nusu uwanja kila mmoja uwe mita 70.05. Isipolingana, rudi kwenye kona kabla hujagusa chokaa.

Mistari ya yadi 5 iko umbali wa mita 4.572. Usipime kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Tandaza tepu ya mita 50 kutoka mstari wa goli na uweke kigingi kwenye 4.57, 9.14, 13.72, 18.29, 22.86, 27.43, 32.00, 36.58, 41.15 na 45.72. Hiyo 22.86 ni mstari wa yadi 25. Mstari wa kati unapita tepu kwa sentimita 29, kwa hiyo uandae tepu ndogo ya kumalizia. Wanaokadiria 4.5 kwa kila mstari wanafika katikati wakiwa wamepoteza karibu sentimita 80.

Usichore miraba. Picha nyingi za zamani zinaonyesha uwanja wenye miraba kama ubao wa drafti. Hizo ni za 1903 mpaka 1909. Mwaka 1901 ni mistari ya kukata upana tu.

Milingoti: inasimama juu ya mstari wa goli wenyewe, si nyuma yake. Umbali kati yake ni futi 18 na inchi 6 (mita 5.64), mwamba uko futi 10 juu (mita 3.05). Bomba la dukani la mita 6 ukilikata kidogo linatosha mwamba. Kwa nguzo mbili halitoshi: zilitakiwa kuzidi futi 20, na wewe unahitaji kuchimbia mita nzima, kwa hiyo unganisha kipande kingine. Zifungie magodoro mpaka usawa wa kichwa cha mtu. Hapo usibane bajeti.

Na chokaa: isiwe ile inayochoma. Wachezaji wa mstari wa mbele wanaweka mikono na nyuso chini kabisa. Rangi ya maji nyeupe iliyozimuliwa ni salama zaidi kwa macho.

Ubao wa Matokeo:
Asanteni sana, nusu uwanja tumekubali. Ila wenzangu hapa wanabisha kwamba 550-0 ni kwa sababu walikutana na vibonde. Na nini hasa cha kuonyesha kiufundi? Vijana wanataka kurusha mipira mirefu kama wanavyoona kwenye televisheni.

Benchi la Ufundi:
Mpira wa kurusha mbele mwaka 1901 ulikuwa marufuku kabisa. Uliruhusiwa mwaka 1906. Kwa hiyo vijana wa raga mnao faida: kurusha nyuma na pembeni, ruksa. Mmoja akirusha mbele, pigeni filimbi na mpira uende kwa wapinzani, bila mjadala. Mpira wenyewe, tumieni wa raga. Ule wa 1901 ulikuwa mnene hivyo hivyo, si huu mwembamba wenye ncha.

Mfumo wa kumiliki mpira: majaribio matatu ya kupata yadi 5, basi. Sio manne kwa yadi 10. Fikiria maana yake kwa mbinu. Ukipata yadi mbili kila jaribio, hupokonywi mpira mpaka unafunga. Ndiyo maana timu zilirundikana katikati na kusukuma. Hakuna aliyekuwa na haja ya kubuni kitu.

Kosa ambalo mtalifanya, nakuhakikishia: kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulio) kupokea mpira na kukimbia nao mbele. Hairuhusiwi. Aliyepokea mpira wa kwanza kutoka kwa mchezaji wa kati alilazimika kumpa mwingine. Walilegeza hilo mwaka 1903, kwa sharti la kutoka pembeni yadi 5 kabla ya kuvuka mstari, na ile miraba aliyoitaja Kamba na Chokaa iliwekwa kumsaidia mwamuzi kupima hizo yadi 5.

Sasa kwa nini Michigan? Kocha Fielding Yost alikuwa msimu wake wa kwanza pale Ann Arbor, mji wa chuo hicho, na jina lake la utani lilikuwa la mtu mwenye haraka. Kwotabeki wake, Boss Weeks, alitaja namba za shambulio linalofuata wakati wenzake bado wananyanyuka kutoka shambulio lililopita. Wapinzani hawajapanga mstari, mpira umeshatoka. Hapo ongezeni uzito wa kanuni nyingine: mchezaji akitoka nje haruhusiwi kurudi, kwa hiyo kila kocha aliogopa kubadilisha. Anayekimbizwa bila kupumzika na hana wa kumpokea lazima atachoka. Dhidi ya Stanford, Michigan walitumia watu 11 wale wale mwanzo hadi mwisho. Mapumziko ilikuwa 17-0. Kipindi cha pili 32 zaidi, na mechi haikuisha: nahodha wa Stanford, Ralph Fisher, alimwendea nahodha wa Michigan, Hugh White, zikiwa zimebaki dakika 8, wakakubaliana kuishia hapo.

Zoezi la kuonyesha ni hili. Pangeni mashambulio matano tu, kila moja na namba yake. Wachezaji wakariri mfuatano. Kwotabeki ataje namba ya pili akiwa anaona wa kwanza anaanguka. Lengo ni sekunde zisizozidi 10 kati ya filimbi na mpira kutoka. Linaharibika pale mchezaji wa kati anapochelewa kufika kwenye mpira, kwa hiyo yeye asishiriki kuwazuia wapinzani baada ya kuutoa. Anyanyuke afuate mpira tu. Mashambulio yakizidi matano watasahau na mtapoteza kasi yote, na bila kasi hakuna Michigan ya 1901 hapo.

Kuhusu vibonde: Albion, Case na Beloit, nakubali, walikuwa vyuo vidogo. Lakini Chicago ya kocha Amos Alonzo Stagg haikuwa timu ya kubezwa, na Buffalo waliopigwa 128 walikuwa wameifunga Columbia msimu huo huo. Hoja ya maana zaidi ni kwamba Michigan hawakukutana na vyuo vikubwa vya mashariki mwa Marekani. Harvard nao walimaliza 1901 bila kupoteza, mechi 12, na hao wawili hawakupambana. Anayesema Michigan walikuwa mabingwa wasiopingika anaongeza chumvi.

Ila msimu uliofuata walifunga 644, wakafungwa 12. Kibonde hajirudii misimu miwili.

Mkeka wa Pointi:
Naongezea kwa wanaopenda kisa: Yost alikuwa kocha wa Stanford mwaka 1900. Akaondoka baada ya chuo kuamua makocha wawe waliosoma pale pale. Mechi ya 49-0, tarehe 1 Januari 1902 huko Pasadena, aliwafunga waajiri wake wa jana. Mechi ile ilikuwa sehemu ya sherehe ya Mwaka Mpya, na waandaaji wake hawakurudisha futiboli mpaka 1916. Katikati waliweka polo, halafu mashindano ya magari ya farasi.

Kadi ya Njano:
Swali la tatu limerukwa na ndilo zito. Mkicheza kwa kanuni za 1901 neno kwa neno, mtavunja mtu.

Kwanza, hapakuwa na nafasi kati ya mistari miwili ya wachezaji. Kanuni ilihesabu mstari wa kufikirika unaopita kwenye mpira, kwa hiyo wachezaji wa mbele walisimama pua kwa pua na ngumi zilianza kabla ya mpira. Nafasi yenye upana wa urefu wa mpira iliwekwa 1906. Nyie iwekeni, tena iongezeni iwe mita moja. Mtazamaji wa jukwaani hataona tofauti.

Pili, kumsukuma na kumvuta mwenye mpira kuliruhusiwa. Wenzake walimshika nguo wakamburuta kupitia ukuta wa wapinzani huku wapinzani wakimvuta kurudi. Shingo na mgongo ndivyo viliumia. Hili lionyesheni kwa mwendo wa kutembea, mara moja, na mtangazaji akieleza. Mbio hapana.

Tatu, mwenye mpira akianguka alikuwa bado anaruhusiwa kutambaa mpaka ashikwe kabisa. Kwa hiyo kila mtu alijirusha juu yake kuhakikisha. Kwenu filimbi ilie goti linapogusa nyasi.

Nne, kofia ngumu hazikuwa lazima, na hakuna haja ya kuigiza hilo. Vaeni kofia laini za raga zinazofunika masikio. Kwa mbali zinafanana kabisa na zile za ngozi ambazo baadhi yao walivaa.

Hayo si maneno ya kutisha watoto. Msimu wa 1905 gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo visivyopungua 18, wengi wao vijana wa shule na si wa vyuo. Oktoba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt aliwaita wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Kanuni za 1906 zikafuata: yadi 10 badala ya 5, nafasi kati ya mistari, pasi ya mbele, kuruka juu ya wachezaji marufuku. Vifo havikuisha hapo. Kusukuma na kuvuta kulipigwa marufuku mwaka 1910, na mechi ikagawanywa robo nne za dakika 15.

Kama mnataka mechi ya kufungia onyesho, chagueni ile iliyovunja mwendo wao badala ya Stanford: Chicago 2, Michigan 0, tarehe 30 Novemba 1905. Sefti moja tu, Denny Clark aliangushwa nyuma ya mstari wake. Michigan hawakuwa wamepoteza mechi 56 mfululizo, ushindi 55 na sare moja ya 6-6 na Minnesota mwaka 1903, na msimu ule walikuwa wamefunga 495 bila kufungwa. Kwa nusu uwanja inafaa kabisa: tukio lenyewe linahitaji goli moja, teke moja refu na mkabaji mmoja. Na halina rundo la watu.

Muda: anzeni saa kumi na moja jioni. Dakika 20 gaweni nne nne, maji kila mapumziko, na badilisheni wachezaji bila kujali kanuni ya 1901.

Ubao wa Matokeo:
Imeeleweka. Tutafunga na hiyo ya Chicago. La mwisho: yadi 5 tunazipimaje wakati wa mchezo bila kusimamisha kila mara?

Kamba na Chokaa:
Fimbo mbili za mita moja na nusu, kamba kati yake ya mita 4.57 ikiwa imevutwa. Watu wawili wakae nje ya mstari wa pembeni. Fimbo ya nyuma isimame usawa wa mpira pale majaribio matatu yanapoanza, ya mbele ikae mwisho wa kamba, na mtu wa tatu atembee na alama ya kuonyesha ni jaribio la ngapi. Kamba iwe ya katani au mnyororo mwembamba. Ya nailoni inavutika, na mwenye fimbo ya mbele ataongeza nusu hatua bila mtu kugundua. Mwamuzi aitishe kipimo pale tu mpira ulipo karibu na fimbo ya mbele. Kwingine kote mistari ya chini inaonekana kwa macho.